Bendeksi Haitaki Mafuta

Asheri Kajiru alikuwa mtu mfupi mwenye mikono ya mtu mrefu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa dereva na fundi wa trekta moja katika shamba la mkonge lililoko chini ya milima ya Upare, upande ule ambao mvua huonekana kwa mbali ikinyesha kwa wengine. Kwao hasa ni Myamba, juu kwenye ukungu, migomba na makanisa. Alishuka bondeni mwaka 1966, kwa sababu shamba la marehemu baba yao lilikuwa limegawanywa na kugawanywa tena hadi likabaki na ukubwa wa kitanda, na kitanda chenyewe akakilalia kaka yake, Hezroni.

Trekta lilikuwa la zamani kuliko Uhuru. Lililetwa na Mgiriki mwenye shamba, na shamba lilipotaifishwa Mgiriki akaondoka akaacha trekta, mbwa wawili na sentensi moja. Mbwa walikufa mwaka huohuo. Sentensi ilibaki na Asheri: "Bendeksi hapana mafuta, Asheri. Bendeksi kavu."

Kwa asiyejua mambo haya, stata ni mota ndogo ya umeme inayoiamsha injini kubwa. Mbele yake kuna gia ndogo iliyovishwa kwenye skrubu nene. Hiyo ndiyo bendeksi. Ukibonyeza swichi, mota inazunguka ghafla, bendeksi inaruka mbele juu ya skrubu yake, inang'ata meno ya gurudumu zito la injini, yaani flaiwili, injini inaamka, bendeksi inarudi ilikotoka. Ili iruke lazima iwe kavu. Ukiipaka mafuta inanata na vumbi, haitoki ilipo, na mota inabaki kuzunguka peke yake kama mjumbe wa nyumba kumi aliyeitisha mkutano asije mtu. Mafundi wana neno moja la ugonjwa huo. Husema stata haishiki.

Miaka ilipokuja kuwa migumu, betri zilitoweka nchini, zikifuatana na sabuni, sukari na khanga. Stata nzima isiyo na betri ni chuma tu. Meneja wa wakati huo, mtu wa kuteuliwa aliyejua mkonge kwa kuusoma kwenye hotuba, aliwaza siku mbili kisha akaagiza pembe ipigwe. Pembe kwa Wapare ni msaragambo. Ikilia, kila nyumba hutoa mtu, barabara inachimbwa, darasa linaezekwa, na asiyetokea anafuatwa kwake kuchukuliwa jogoo. Wakata mkonge wengi hawakuwa Wapare. Walikuwa Waha, Wabena, Wamakonde, watu walioletwa na treni kisha treni ikawasahau. Lakini walikuwa wameishi pale kiasi cha kuuzoea mlio ule, na wao pia walikuwa na majogoo.

Basi kwa miaka sita, kila alfajiri, watu thelathini walilisukuma trekta hadi likohoe. Kiongozi mmoja wa Chama alifika, akaona, akapigwa picha akiwa ameweka kiganja kwenye tairi, akasema huo ndio ujamaa kwa vitendo. Betri hakuacha.

Sitaki kuwacheka wale watu thelathini. Ukisukuma kitu kila siku kwa miaka sita kinakuwa chako, hata kama kwenye daftari ni cha Shirika. Walilijua trekta lile kwa mabega. Betri ziliporudi madukani pale Same, wakati wa ruksa, Asheri aliifungua stata, akaisafisha, akaifunga, ikashika mara ya kwanza. Watu walishangilia, na jioni ile wakakaa wakaonekana kama wamefiwa. Hakuna aliyewahitaji tena asubuhi.

Julai 1992 likaja tangazo ubaoni. Shamba linauzwa. Kabla ya kuuzwa, wathamini watapita kuangalia mashine moja moja. Mashine itakayowaka kwa swichi mbele ya mthamini itaandikwa nzima, na mwendeshaji wake atabaki kwa mwenye shamba mpya. Itakayoshindwa itaandikwa chakavu, na mwendeshaji ataondoka nayo. Nyumba ya kambi airudishe ndani ya siku kumi na nne. Chini kabisa, kwa herufi zilizopigiwa mstari, paliandikwa kwamba mtu asiye mwendeshaji haruhusiwi kugusa mashine yoyote kabla ya uthamini. Atakayegusa atahesabiwa amehujumu na kufukuzwa bila haki zake. Neno kuhujumu lilikuwa bado lina makali. Miaka tisa nyuma lilikuwa limewapeleka watu ndani kwa sababu ya katoni za sabuni.

Asheri alisoma, akaenda nyumbani kumsomea mkewe Ernesta, ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba na hakuwa anatoka sana.

"Trekta si linawaka?" Ernesta aliuliza.

"Linawaka."

"Basi kula."

Lakini hakula vizuri. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Nyumba ile ya vyumba viwili ndiyo pekee waliyokuwa nayo. Jumatatu aliliaga trekta akapanda Myamba kwa miguu, kumwomba Hezroni kona ya kujenga kibanda, iwapo mambo yangeharibika.

Hezroni alikuwa mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kusomea matangazo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekuja na habari au umekuja na njaa?"

"Nimekuja kuomba mahali."

Akaeleza. Hezroni alisikiliza mpaka mwisho, akatazama migomba yake mmoja mmoja kama anayehesabu wanawe, akasema, "Mahali, mdogo wangu, hapana. Unaona mwenyewe. Lakini hilo trekta nitaliombea."

Na akaliombea, palepale, kwa muda mrefu, kwa kutaja hata matairi. Asheri alilala kwa kaka yake, akapewa ndizi, na Jumanne asubuhi akaanza kushuka akiwa na dua badala ya ardhi.

Huku chini, Jumatatu hiyohiyo, jirani yake alikuwa akifikiri. Jirani huyo ni Yahaya, Muha wa Kasulu, mkata mkonge mwenye watoto saba na baiskeli moja. Walikuwa wameishi mlango kwa mlango miaka kumi na minne, wakitukanana kwa upendo kila siku. Yahaya alikuwa akisema Wapare huuza ng'ombe ili washinde kesi ya kuku. Asheri alikuwa akijibu kwamba Waha hupanda treni siku tatu kuja kuisikiliza.

Yahaya hajui kusoma. Tangazo alisomewa sehemu ya juu, ile ya mashine kuwaka. Msomaji alikata tamaa kabla ya kufika chini. Alichoelewa ni kwamba Jumatano trekta la Mpare wake linakwenda kusailiwa na watu wa Dar es Salaam, na lina vumbi la mwaka mzima. Akachukua pembe, akapiga.

Walikuja thelathini na wengine juu yake. Waliliosha trekta kwa maji ya kunywa. Walilipaka rangi iliyobaki kupakwa ofisi ya Chama, kwa hiyo ubavu mmoja wa trekta jekundu ukawa kijani. Kisha Yahaya akatoa kopo. Ndani kulikuwa na mafuta ya kondoo wa Idi, aliyoyatunza tangu mwezi uliopita kwa ajili ya mboga za wanawe, kwani grisi ya stoo ilikuwa imefungiwa kwa kufuli ikingoja mthamini. Wakapaka kila kilichokuwa na bawaba. Yahaya, ambaye elimu yake yote ya mitambo ilitoka kwenye mnyororo wa baiskeli, akasema chenye meno hutiwa mafuta. Wakaifungua stata, wakaikuta bendeksi imekauka kabisa, wakasikitika. Masikini Asheri, walisema, amezeeka, anasahau. Wakaikandika mafuta hadi kwenye mifereji ya skrubu. Wakairudisha, na bolti tatu zikakazwa na wanaume wawili kwa spana isiyo saizi yake, iliyorefushwa kwa bomba. Kwa moyo wote.

Asheri alifika Jumanne alasiri, akakuta trekta lina rangi mbili na kambi nzima imesimama ikimtazama usoni. Akapanda, akabonyeza swichi. Jua la Same lilikuwa limekipika kile chuma tangu asubuhi na mafuta yalikuwa laini kama uji. Stata ikashika. Aliona ina uzito kidogo, akadhani ni betri.

"Umependeza," Yahaya alimwambia, akimaanisha trekta.

"Nani kawaambia mguse?"

"Tumeosha tu, mzee. Tumeosha na kupaka rangi. Na mafutamafuta."

"Mafuta wapi?"

"Kwenye bawaba," Yahaya alisema, na hakudanganya, ila hakumaliza.

Usiku baridi ya mlima Shengena ilishuka. Jumatano saa mbili mthamini alifika, na hakuwa jitu. Alikuwa dada mmoja wa miaka thelathini hivi, anaitwa Doris, mwenye koti la kuazima na ubao wa kuandikia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama."

"Nina mashine kumi na moja leo. Hii inaruhusiwa kujaribiwa mara tatu. Tuanze?"

Asheri alibonyeza. Stata ilizunguka kwa sauti nyembamba, ya kasi, safi. Injini haikutingishika.

Fundi anayejua kazi hapapasi, anasikiliza. Sauti ile ilimwambia betri ni nzima, waya ni nzima, mota ni nzima. Kinachokosekana ni kule mbele. Akashuka, akalitia trekta gia, akalitikisa mbele na nyuma ili flaiwili igeuze uso, isije ikawa bendeksi imekutana na jino bovu. Akarudi juu. Wiii. Mara ya pili. Akachukua nyundo, akaigonga stata mgongoni, polepole, kama anayemgutusha mgonjwa. Wiii. Mara ya tatu.

Doris aliangalia ubao wake, akaangalia milima. "Mzee, naenda kwenye mashine ya kusaga, nitarudi kabla ya saa tano. Fomu inasema mara tatu, haisemi ndani ya muda gani. Ukirekebisha, hizi tatu sijaziona."

Narudia, hakuwa jitu. Ndiyo sababu habari hii inauma.

Asheri akapiga goti. Alipoisogelea stata pua ikamwambia kabla ya macho. Kwenye maungio palikuwa na mchirizi mweupe ulioganda, na ulinuka kondoo. Akaugusa, akausugua kwenye vidole, akaelewa yote kuanzia mwanzo. Akainua kichwa. Yahaya alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, amevaa shati lake la Idi, akitabasamu kwa wasiwasi kama baba nje ya wodi.

"Kuna nini, Mpare?"

"Ngoja."

Dawa yake ilikuwa rahisi. Fungua bolti tatu, toa stata, osha bendeksi kwa mafuta ya taa, futa, rudisha. Nusu saa. Bolti ya kwanza ilitoka kwa shida. Ya pili ikatoka. Ya tatu kichwa chake kilikuwa kimeliwa na spana ya msaragambo kikawa cha mviringo, na hakuna spana duniani inayoshika kitu cha mviringo. Akachukua patasi na nyundo. Akapiga kwa ubavu ili iregee. Patasi ikateleza ikamchana kiganja. Akafunga kitambaa akaendelea. Yahaya akataka kusaidia, akaambiwa asiguse. Ni hapo mtu mmoja aliposoma kwa sauti, pole pole, ule mstari wa chini wa tangazo, na watu thelathini wakarudi nyuma hatua moja kwa pamoja bila kuambizana.

Saa tano kasorobo Doris alirudi. Bolti ilikuwa imezunguka robo.

"Bado?"

"Bado, mama."

Akavuta pumzi. "Mzee wangu, nina njia moja. Kuna sehemu hapa ya 'linatengenezeka'. Nikiijaza, trekta linabaki na wewe unabaki. Lakini lazima niandike sababu na aliyesababisha, jina lake. Nikiacha wazi watanirudishia. Kama ni uchakavu wa kawaida sihitaji jina, ila uchakavu unaingia upande wa pili." Akashusha sauti. "Ni nini hasa?"

Watu wote walisikia. Yahaya alikuwa ameacha kutabasamu. Alikuwa ameanza kuelewa kitu, bado hajajua ni kitu gani, na mkono wake ulikuwa umeshika kola ya shati lake la Idi.

Sijui Asheri aliwaza nini. Najua alichokuwa nacho pande zote mbili. Upande huu nyumba, Ernesta na miguu yake, miaka ishirini na sita. Upande ule mtu mwenye watoto saba aliyetoa mafuta ya mboga zao akayapaka kwenye chuma cha mwenzake.

"Ni ringi ya flaiwili," Asheri alisema. "Imeliwa meno. Stata inaruka vizuri, haina cha kung'ata."

"Uchakavu?"

"Uchakavu. Wa siku nyingi."

Doris aliandika. Neno lile ni fupi, halikumchukua muda.

Basi trekta likawa chakavu, na chakavu lilitakiwa liondolewe palepale kwenda kwenye rundo la vyuma nyuma ya korona, kile kiwanda cha kuchakata katani. Mtambo wa kulivuta haukuwepo, kwani trekta la kuvutia lilikuwa ndilo hilohilo. Pembe haikupigwa. Watu walilisogelea tu, wakaweka mabega kule walikoyaweka kwa miaka sita, wakasukuma. Likakohoa mara mbili likawaka, likaunguruma likitoa moshi wake mweusi, zima kabisa, na Asheri akaliendesha mwenyewe kwenda kwenye rundo. Doris alisimama akiliangalia likipita. Akageuza fomu mbele na nyuma. Hakukuwa na mahali pa kuandika alichokiona.

Jioni Ernesta alikuwa ameshasikia.

"Wanasema meno."

"Nilisema meno."

"Na kiganja chako kinanuka kondoo."

Ernesta akainuka kwa kushika ukuta na kuanza kushusha pazia.

Walihamia Same mjini, chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga. Asheri akawa anatengeneza majiko ya mafuta ya taa na pampu za kupulizia dawa, kazi ya kuinama ambayo mgongo wake haukuipenda. Siku za mwisho za Agosti mwenye shamba mpya alileta watu wa kukata chuma kwa gesi. Trekta lilikatwa vipande vitano likapakiwa kwenda kuyeyushwa, ubavu wa kijani ukiwa juu.

Jumapili ya kwanza ya Septemba, Yahaya alisimama mlangoni. Alikuwa amekonda, miguu imejaa vumbi hadi magotini, na begani amevaa duara la chuma kama anayetoka kuoa mtu mkubwa sana.

"Mpare. Hodi."

"Karibu. Nini hicho?"

"Meno," Yahaya alisema, akaliweka chini taratibu. "Nilisikia kuna shamba limekufa huko chini ya Korogwe, lina matrekta mawili yamelala. Nikaenda. Mlinzi hakutaka, nikamlimia siku nne. Kurudi hakuna lori lililokuwa tayari kunibeba na chuma, nikawa napanda kidogo, natembea kidogo."

Ernesta alitoka, akaona, akarudi ndani kutafuta cha kumpikia.

"Umepita kambini?" Asheri aliuliza.

"Nimepita. Nimeona wamelikata." Yahaya alikaa kwenye kizingiti, akajipangusa uso. "Nikasema ringi ni ya kwako, nikuletee hata hivyo. Na getini nimepewa hii. Nisomee, mimi na karatasi unatujua."

Ilikuwa barua ya mistari mitatu. Kwa kuwa amekuwa mtoro kazini siku kumi na moja mfululizo, ndugu Yahaya ameachishwa kazi, na arudishe nyumba ndani ya siku kumi na nne. Asheri aliisoma kimoyomoyo, akaisoma tena, kisha akaisoma kwa sauti, yote, hadi mstari wa chini.

Yahaya alitikisa kichwa polepole. Hakuonekana kushangaa. Aliitazama ringi pale chini kati yao.

"Niambie kitu kimoja basi," alisema. "Hii ingetosha?"

Asheri aliinama akaishika. Meno yalikuwa mazuri, hayakuwa yamemeguka hata moja. Lakini ilikuwa ya trekta la aina nyingine kabisa. Kwa jicho tu ilipungua upana wa vidole viwili. Akaizungusha mikononi, akapima kwa shubiri huku na huku, akahesabu meno kwa kidole kimoja kimoja, bila haraka, mpaka yakaisha.

"Ingetosha," alisema.